Mishale Sita ya Kushoto

Dada yangu si msanii. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wa gazeti waliokuja kumwandika kuwa "msanii wa maafa" na akawatimua mpaka barabarani. Yeye ni fundi wa mabango. Ukitaka KINYOZI anakuandikia KINYOZI. Ukitaka HAKUNA KUKOPA anakuandikia hivyo hivyo, na ukimwomba anaongeza kidole kinachoonya. Mtaa mzima unamwita Mama Herufi, ingawa hana mtoto. Anayemtania kwamba ana watoto kuanzia A mpaka Z hujibiwa kwamba angalau wa kwake wanakaa pale anapowaweka.

Mimi ni mdogo wake wa kufuatana naye. Nauza rangi kwenye chumba cha mbele, naye anazitumia kwenye chumba cha nyuma na uani. Katikati yetu kuna pazia la turubai lililokakamaa kwa madoa ya miaka kumi na minane. Ugomvi wetu wote mkubwa tumeupigania kupitia pazia hilo, kila mtu akiendelea na kazi yake.

Mtu asiyemjua ataona ana tabia za ajabu. Haendi kutundika mabango yake. Likishakauka, mwenyewe anakuja kulichukua na anajua atakakolipeleka. Kwenye pembe ya chini ya kila bango anaandika namba yake ya simu, tarakimu nyembamba zenye urefu wa ukucha, na hilo ndilo tangazo pekee alilowahi kuwa nalo. Halafu hana maswali. Mzee aliyemfundisha kazi alimtia kichwani kwamba fundi haulizi, anaandika alicholetewa. Muuza nyama mmoja alitaka NYAMA YA LEO KILA SIKU, akaandikiwa. Mshona nguo akataka TUNASHONA MPAKA TUNACHOKA, naye akaandikiwa, huku mimi nikijiziba mdomo nyuma ya pazia. Nilipomwambia awe anawasaidia watu wasijiaibishe, alisema akianza kuuliza maswali atakufa njaa.

Nimeyasema haya kwa sababu yote yalikuja kutugeuka.

Siku ya Alhamisi, baada ya saa nane mchana, alikuja meneja wa kiwanda cha magodoro kilichoko mwisho wa barabara yetu. Alikuwa na haraka, funguo za gari zinalia mkononi. Alisema kesho yake asubuhi mkaguzi anakuja, na kiwanda hakina mabango ya usalama. Alitaka sita. MLANGO WA DHARURA, rangi ya kijani, na mshale.

"Kesho asubuhi?" Dada akauliza.

"Saa mbili awe ameshayaona ukutani. Fundi, nisaidie, niko maji ya shingo."

"Nitakupa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lakini nitatumia kiolezo cha mshale nilichonacho. Sina muda wa kukata kingine."

"Wowote ule. Bora mkaguzi aone mshale."

Kiolezo ni kadibodi iliyokatwa umbo. Unaibana kwenye bati, unapitisha brashi, unainyanyua, na umbo linabaki. Wiki ile Dada alikuwa amekata kiolezo cha mshale kwa ajili ya baa moja iliyotaka bango la CHOO. Choo cha baa ile kiko kushoto unapoingia, kwa hiyo mshale ulitazama kushoto. Akautumia ule ule kwenye mabati sita. Kukigeuza kiolezo kitazame kulia ni kukifuta rangi mbichi kwa thina na kukipindua, kazi ya nusu dakika. Hakuna aliyesema kigeuzwe. Yeye hakuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kopo la kijani nililomuuzia, na nakumbuka nilichosema. Nilisema mishale imetoka safi.

Mkaguzi alikuja, akaona mishale, akatia sahihi yake, akaondoka. Nimeambiwa hakumaliza hata kikombe cha chai.

Moto ulitokea miezi minne baadaye, Jumanne, saa nne asubuhi. Ulianzia kwenye stoo ya gundi. Sponji la magodoro likishika moto halitoi moshi wa kawaida. Linatoa kitu cheusi kizito kinachoshuka, na ndani ya dakika mbili mtu haoni mkono wake. Ukumbi wa kushonea ulikuwa mrefu, vyerehani pande zote mbili. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa upande wa stoo, kwa hiyo kule hakukupitika. Kulikuwa na mlango mwingine mwishoni mwa ukumbi, upande wa kulia. Waliokwenda kulia walitoka, wamebabuka, wanatapika, lakini wako hai. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa matofali, hauna hata dirisha. Watu kumi na tisa, wanawake kumi na saba na wanaume wawili, walikutwa kwenye pembe hiyo ya kushoto, chini ya bango la sita.

Bango lenyewe lilisalimika, maana lilikuwa la bati na lilipigwa misumari mirefu. Watu wa zimamoto walilibandua wakalitupa nje. Mpiga picha wa gazeti akalipiga picha likiwa juu ya majivu, na picha ikasambaa kwenye simu za watu. Lilikuwa limeungua pembe tatu. Pembe ya nne, ile ya chini yenye namba ya simu, ilisomeka vizuri kabisa.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Kiwanda kilizima simu zake siku hiyo hiyo, na getini palikuwa na mlinzi aliyeambiwa aseme hajui. Watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao walikuwa na namba moja tu inayohusiana na jengo lile, nayo ilikuwa ya dada yangu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume aliyetaka kujua kama mke wake ametolewa. Dada akamwambia amekosea namba, hapa ni kwa fundi wa mabango. Yule bwana akasema, "Lakini iko kwenye bango." Dada akatoka uani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mpaka jioni alikuwa amepokea simu arobaini na kitu. Kesho yake akaacha kusema wamekosea. Alichukua daftari lake la oda, akafungua ukurasa mpya, akawa anaandika anayetafutwa ni nani, alivaa nini, apigiwe nani akipatikana. Kisha alikuwa anakwenda hospitali na mochwari kuuliza, anarudi, anawapigia.

Mimi nilimwambia aizime ile simu. Nilimwambia anajibebesha mzigo wa watu walioukimbia. Nilimwambia mengi, mengine sitayarudia.

"Nikizima watampigia nani?" akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Wampigie mwenye kiwanda."

"Haya, nipe namba yake anayopokea."

Sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo, na mpaka leo nikilikumbuka hilo damu inanichemka. Kiwanda chenye magari matatu ya kusambaza magodoro kilishindwa kuweka mtu mmoja mwenye simu, mwenye karatasi na roho ya kusema "mama, tunasikitika." Kazi hiyo ikafanywa na mwanamke anayeandika UUZAJI WA MAYAI.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anapiga kila siku. Binti yake alikuwa mshonaji, alivaa sweta la kijani, alikuwa ametoka nyumbani bila kunywa chai kwa sababu walikuwa wamegombana kidogo juu ya mambo ya kufua. Mwili wake ulichukua siku tisa kutambuliwa. Hata baada ya mazishi yule mama aliendelea kupiga. Hakuwa na swali tena. Alikuwa anamsimulia Dada habari za binti yake, jinsi alivyokuwa anapenda kusoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni. Dada alikuwa anasikiliza, brashi imemkaukia mkononi. Hakuwahi kumwambia yeye ni nani. Yule mama alidhani anazungumza na mtu wa kiwanda mwenye huruma.

Wiki ya tatu Dada alimfuata mlinzi wa getini, maana mlinzi ndiye aliyeyapiga misumari mabango yale. Nilikwenda naye. Yule mzee alitutazama akaanza kulia hata kabla hatujauliza.

"Nilipewa mabango sita na nyundo," akasema. "Nikaambiwa nisambaze ukumbini yaonekane. Nilipiga pale palipokuwa na nafasi. Mimi ningejuaje, mama? Mishale yote ilikuwa upande mmoja."

Tulirudi nyumbani. Alipofika aliichukua ile kadibodi ya mshale, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka mezani. Haikuguswa kwa muda mrefu.

Sasa niseme kidogo kuhusu wasanii, maana hao nao walikuwa na lao. Mchoraji mmoja mashuhuri wa mji wetu, mtu wa skafu shingoni hata jua likiwaka, aliwakusanya wenzake wakaandaa maonyesho ya kuwakumbuka marehemu. Yaliitwa TUTAINUKA TENA. Turubai, fremu, ukumbi na vinywaji vilitolewa na kiwanda. Dada aliombwa aandike bango kubwa la mlangoni, na mimi nikaombwa rangi. Tukaenda kuona nafasi yenyewe.

Simwiti yule mchoraji mwongo. Nasikia alilia kweli siku ya moto, na picha zake zilikuwa zimechorwa na mtu anayejua kazi. Lakini nilizitazama moja moja na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Moto ulikuwa mzuri. Ulikuwa mwekundu, una dhahabu pembeni, ungeweza kuutundika sebuleni. Kulikuwa na mikono inayonyooka kutoka kwenye ndimi za moto, na njiwa mweupe. Watu kumi na tisa waliokanyagana kwenye kona walikuwa wamegeuzwa kuwa mwanga. Kulikuwa na mama anayelia, shingo ndefu, chozi moja. Mimi nilikuwa nimemsikia mama mwenyewe kwenye simu. Alikuwa analia kwa kukoroma, anavuta kamasi, anaomba radhi, anaanza tena.

Dada alisimama muda mrefu mbele ya picha kubwa kuliko zote. Alimsifia yule bwana nyekundu yake, akamuuliza ameichanganya na nini, na yule bwana akafurahi akamweleza. Kisha akauliza, "Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Wa jengo. Mlango, na ukuta."

"Mimi sikuchora jengo, dada yangu. Nilichora uchungu. Sanaa kazi yake ni kuponya."

"Kuponya nani?" nikadakia. "Waliokufa wameshakufa, na waliobabuka wako wodini. Anayepona hapa ni mwenye kiwanda."

Dada akanivuta mkono. Mchoraji akasema anaelewa uchungu wangu, kwa sauti ile ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitoka nje nikamsubiri Dada kwenye ngazi.

Siku mbili baadaye meneja alikuja dukani. Safari hii hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti changu, akasifu rafu zangu, kisha akatoa karatasi iliyochapwa vizuri. Tume ya uchunguzi ingeanza kukaa mwezi unaofuata, na walikuwa wanakusanya maelezo ya mashahidi. Ya Dada walikuwa wamemwandikia tayari, wamemwondolea usumbufu.

Nilisoma kwa sauti. Karatasi ilisema kwamba yeye, fundi wa mabango, alikwenda kiwandani mwenyewe, akaonyeshwa milango, akatengeneza mabango matatu ya kulia na matatu ya kushoto kulingana na jengo, na kuyatundika panapostahili. Ilisema kwamba baadaye mabango hayo yalihamishwa na wafanyakazi wenyewe walipokuwa wakipanga magodoro, bila uongozi kujua.

"Unaona, Fundi," meneja akasema, "wewe unatoka msafi. Kazi yako ilikuwa sahihi. Hakuna atakayekunyooshea kidole."

"Na wao?" Dada akauliza.

"Wao nani?"

"Wafanyakazi waliohamisha."

"Walishafariki," akasema meneja. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba duka limefungwa. "Haliwadhuru tena."

Aliiacha karatasi mezani na kalamu juu yake, akasema atapita Jumatatu.

Hapa nitasema jambo ambalo si la kujisifu. Nilimwambia Dada atie sahihi. Mimi ni mtu wa hasira, nilimpa mchoraji vidonge vyake mbele ya picha zake, lakini ilipofika mlangoni kwetu nikaogopa. Nilimwambia tume itatafuta wa kumtupia lawama, na meneja ataruka kimanga, na mkaguzi atavaa miwani ya mbao, na atabaki yeye peke yake na namba yake ya simu kwenye bati. Nilimwambia mlinzi ni mzee, hatasema kitu. Nikamwambia hakuna anayejua habari za kile kiolezo isipokuwa sisi wawili.

Alikuwa nyuma ya pazia. Kwa mara ya kwanza katika ugomvi wetu alilifungua akatoka.

"Yule binti alikuwa na sweta la kijani," akasema. "Unataka niandike kwamba alihamisha bango?"

"Nataka usifungwe."

"Na mimi nataka. Lakini si hivi." Akaichukua karatasi ya meneja, akaikunja mara nne, akaitumia kuinulia mguu wa meza uliokuwa unacheza. Kisha akaniuliza kama nina bati kubwa, futi nane kwa nne, lisilo na kutu.

Nilikuwa nalo. Nilitafuta uongo wa kumwambia, kisha nikampa.

Alifanya kazi uani siku tatu mchana kutwa. Bango ambalo kwa kawaida ni kazi ya asubuhi moja lilimchukua siku tatu, kwa sababu alikuwa anaandika, anafuta kwa thina, anaandika upya. Alikuwa hajawahi kutunga maneno yake mwenyewe maishani. Maneno yote aliyowahi kuandika yaliletwa na mtu kwenye kipande cha karatasi. Siku ya kwanza aliandika mengi, karibu bati zima, juu ya uonevu na tamaa na serikali, nami nikasema hayo ndiyo, tia moto. Akafuta yote. Alisema yanafanana na picha za yule bwana. Alisema ndani yake yeye mwenyewe hayumo.

Jumamosi asubuhi tulikodi mkokoteni tukalipeleka kiwandani likiwa limefunikwa gunia. Kila Jumamosi ndugu wa marehemu walikuwa wanakusanyika pale getini kungoja kusikilizwa, wakisimama jua linawapiga mpaka saa sita, kisha wanaambiwa waje Jumamosi ijayo. Upande wa barabara, nje kabisa ya ile pembe ya kushoto, kuna ukuta wenye weusi wa moshi uliopenya juu ya paa. Dada alifika pale akaweka ngazi. Mlinzi akaja, akamtazama, akaitazama ngazi. Akaenda kuchukua nyundo yake.

Wakalipiga misumari wakisaidiana, mimi nikiwa nimeishika ngazi. Sijawahi kumwona Dada akitundika bango. Mikono yake haikujua, alijigonga kidole mara mbili.

Lilikuwa jeupe, herufi za kijani, zile zile za mlango wa dharura, kubwa za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hakukuwa na moto wala njiwa. Juu kabisa alikuwa amechora mshale, kwa kiolezo kile kile, ukitazama kushoto. Chini yake aliandika:

MSHALE HUU NILIUCHORA MIMI.
NILIUKATA KWA AJILI YA CHOO CHA BAA.
KIWANDA KILITAKA MISHALE SITA KABLA MKAGUZI HAJAJA KESHO YAKE.
HAKUNA ALIYENIAMBIA MLANGO UKO WAPI.
SIKUULIZA.
MLANGO ULIKUWA KULIA.

Na pembeni chini, namba yake ya simu.

Watu walianza kusogea kutoka getini. Walisoma, wengine midomo ikicheza. Waliokuwa hawajui kusoma walisomewa na walio karibu nao, na ule mstari wa choo cha baa ulikuwa unapita kwenye kundi zima kwa kunong'onwa, na kila ulipofika mtu aliinua kichwa. Mwanamume mmoja alitema mate miguuni kwetu. Mwingine alianza kusema kwa sauti kwamba kumbe walijua, kumbe kesho yake mkaguzi alikuja, kumbe ni maigizo. Mimi nilikuwa nimeishika ngazi kana kwamba bado kuna mtu juu yake.

Meneja alifika na gari, akashuka akasoma, na nilimwona akisoma mara ya pili. Akamwambia mlinzi alitoe bango mara moja. Mlinzi akasema nyundo yake haina upande wa kung'olea. Nyundo ilikuwa nayo, tuliiona wote.

"Fundi, unajiua mwenyewe," meneja akamwambia Dada. "Hapo hukuandika kosa letu, umeandika kosa lako. Nikiipeleka hii kwenye tume unakwenda ndani."

"Ipeleke," Dada akasema. "Nitakuja nayo mimi pia, na daftari la oda."

Meneja akaita watu wake wawili kutoka ndani ili waling'oe. Walikuwa wameshaweka mguu kwenye ngazi yetu wakati mama mmoja mnene, aliyejifunga kanga nyeusi, alipopita katikati ya watu akiwa na simu mkononi. Alikuwa anaangalia pembe ya chini ya bango, anaangalia simu yake, tarakimu kwa tarakimu. Nilimjua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyovuta kamasi.

"Nani ameandika hili?"

"Ni mimi, mama," Dada akasema.

Yule mama akaisikia sauti. Alimtazama kuanzia miguuni, viatu vyenye madoa, mpaka usoni.

"Ndiwe niliyekuwa naongea naye?"

"Ndimi."

"Siku zote hizo ulijua?"

"Nilijua."

Nilidhani atampiga. Nilikuwa tayari kuingia katikati, na nilikuwa tayari pia kutoingia, kwa sababu angekuwa na haki yake. Meneja naye alikuwa anangoja, nafikiri aliona jambo linajimaliza lenyewe.

"Mwanangu alijua kusoma," mama akasema. Hakuwa analia. "Mwenzake aliyekuwa cherehani ya kando yake hajui hata herufi. Ameniambia mwenyewe. Aliufuata upepo usoni akaenda kulia, yuko nyumbani kwake. Wangu nilimsomesha kwa kuuza mkaa. Aliliona bango lako, akalisoma, akakuamini."

Dada aliinua macho akautazama mshale.

"Sikusamehe," mama akasema. "Usije ukanipigia."

"Sawa, mama."

Kisha yule mama akaenda kwenye ngazi. Wale watu wawili wa meneja walikuwa bado wamesimama pale, mmoja mguu juu, mmoja chini. Akamshika yule wa juu kwenye kisigino cha kiatu.

"Shuka," akamwambia. "Hili linakaa. Wengine wote wameniambia ilikuwa bahati mbaya."

Akashuka. Mama akakalia kipandio cha chini cha ngazi, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta, na wenzake wakaja mmoja mmoja wakakaa chini kando yake. Tuliiacha ngazi yetu pale, tukarudi nyumbani na mkokoteni mtupu.